Kikombe cha Samunge na Vidonge Vilivyoachwa Kabatini

Kuna kisa ambacho sisi wa Thika na Ruiru tumeanza kukisahau, na kusahau huko kunanitia wasiwasi. Ni kisa cha mwaka 2011. Wakati ule barabara ya Thika ilikuwa imechimbuliwa, superhighway bado inajengwa, na abiria wa kwenda mjini walikaa kwenye matatu saa nzima wakimeza vumbi. Katika foleni zile habari kubwa ilikuwa Loliondo. Nani ameenda, nani amerudi, nauli imepanda kiasi gani, na je, ni kweli watu wanapona?

Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni vijana wa sekondari. Hawakuyaona yale. Lakini wanaviona vibao vya bati na karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima: mganga kutoka Tanga, daktari wa miti shamba kutoka Kitui, bingwa kutoka Pemba. Huyu anarudisha mpenzi aliyekimbia, anakamata mwizi, anashinda kesi, anatibu kisukari, presha na upungufu wa nguvu za kiume, na chini kabisa kuna nambari ya simu. Kijana asiyejua yaliyotupata mbele ya kikombe cha Samunge atakisoma kibao hicho bila kujua la kuuliza. Ndiyo maana nakisimulia tena kisa hiki.

Samunge ni kijiji cha Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Hapo aliishi Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Watu walimwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha mti fulani ndotoni na kumwagiza awape watu dawa yake. Akachimba mizizi, akaichemsha, akaanza kugawa: kikombe kimoja kwa mtu mmoja, mara moja tu, kwa shilingi 500 za Tanzania. Kwa pesa zetu za wakati ule hiyo ilikuwa kama shilingi 30. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa yale yanayomkosesha mtu usingizi: ukimwi, saratani, kisukari, presha, pumu.

Habari ilianza kuenea mwaka 2010. Ilipofika Machi 2011 hapakuwa tena na kijiji, palikuwa na mji wa magari. Mabasi, malori, Land Cruiser za watalii zilizokodiwa kubeba wagonjwa, hata helikopta za wenye uwezo. Wakenya walipitia Narok au Namanga, wengine wakiwa wamelaza wagonjwa wao kwenye magodoro ndani ya matatu. Mwandishi wa BBC aliyefika huko aliripoti foleni ya kilomita 26. Vyoo havikuwepo, maji safi hayakuwepo, na usiku wa nyanda za juu ni baridi. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije mpaka baada ya tarehe 1 Aprili, ili watu karibu 24,000 waliokuwa wakingoja wapungue kwanza. Taarifa za siku zile zilisema watu 52 walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri zamu yao.

Picha zilizopigwa pale zinaonyesha jinsi dawa ilivyogawiwa. Sufuria kubwa ziko juu ya moto wa kuni, maji yamegeuka rangi ya mizizi. Wasaidizi wanapita kati ya magari wakiwa wamebeba vikombe vya plastiki, vya kijani, vya bluu, vya manjano, na kuvipenyeza dirishani. Mgonjwa ananywa akiwa ameketi palepale kwenye kiti cha gari. Kikombe kinarudi mkononi kwa msaidizi, gari linasogea, lingine linaingia. Kwa umati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza mgonjwa anaumwa nini, anameza dawa gani nyumbani, au atarudi lini ili aangaliwe kama amepata nafuu.

Sitaki kumhukumu mzee yule. Alifariki Julai 2021, na yaliyokuwa moyoni mwake yako kwa Mungu wake. Mtu anayetaka kutajirika haraka hatozi shilingi 30. Ninayemtazama katika kisa hiki ni mgonjwa, na ndugu zake waliomsindikiza, na majirani waliochanga nauli, kwa sababu hao ndio sisi. Ukipewa leo karatasi yenye jibu baya kutoka maabara, kesho ukasikia kuna mahali watu wanapona kwa kikombe kimoja, utaenda. Mimi pia ningeenda, kwa maana hofu ya kifo haichagui msomi wala asiyesoma. Kwa hiyo tusiwacheke waliokwenda. Tutazame ishara zilizokuwepo, zilizoonekana na kila mtu, na ambazo hakuna aliyetaka kuzitazama.

Tuanze na mti wenyewe. Wasonjo wa Samunge wanauita mugariga. Wataalamu wa mimea walipoutazama walikuta ni Carissa, kichaka chenye miiba na matunda madogo meusi matamu. Huku kwetu kwenye matuta ya Kiambu na Murang'a unaitwa mukawa. Watoto wanaochunga mbuzi wanakula matunda yake, na wazee wamekuwa wakitia mizizi yake kwenye supu tangu zamani. Wamaasai nao wanautumia katika supu. Yaani mgonjwa wa Gatundu au Gatanga alisafiri siku nzima na usiku kucha, akavuka mpaka, akalala porini, ili anywe maji ya mti ambao pengine cucu, nyanya yake, alikuwa nao kando ya ua la shamba.

Hilo lingepaswa kumfanya mtu asimame kidogo. Mti huu umetumiwa na watu wa makabila mengi kwa vizazi vingi, kwa tumbo, kwa homa, kwa kuupa mwili nguvu. Kama mizizi yake ingekuwa inaondoa kisukari au virusi vya ukimwi, nyumba zilizoizoea zingekuwa zimeliona jambo hilo zamani. Lakini hoja hiyo ilikuwa na jibu lake tayari: ilisemekana nguvu haiko kwenye mti, iko kwenye agizo la Mungu. Ukiuchemsha mwenyewe Thika haufanyi kazi, sharti uupokee Samunge, kutoka kwa Babu.

Hapo palikuwa na ishara ya kwanza, na nadhani ndiyo kubwa. Dawa ikisemekana inafanya kazi mahali pamoja tu, kwa mkono mmoja tu, maana yake hakuna mtu mwingine anayeweza kuipima. Mtafiti akiichukua akaona haifanyi kazi, ataambiwa hakuipokea inavyotakiwa. Mgonjwa asipopona, ataambiwa hakuamini. Kila kosa lina mahali pa kujificha, na mahali hapo siku zote ni kwa mgonjwa. Watafiti wa Tanzania waliyachunguza maji yale na kusema hayana sumu kwa kiasi kile kilichokuwa kikinywewa. Watu wengi wakasikia kwamba serikali imethibitisha dawa. Kutokuua si kuponya, lakini katika mwezi wa Machi 2011 tofauti hiyo haikuwa na msikilizaji.

Ishara ya pili ilikuwa orodha yenyewe ya magonjwa. Pumu ni mirija ya mapafu inayobana. Kisukari ni mwili kushindwa kuitumia sukari iliyo kwenye damu. Saratani ni chembe za mwili wenyewe zinazokua bila mpaka, na ukimwi unaletwa na virusi kutoka nje. Magonjwa haya yana vyanzo tofauti kabisa. Fundi akikuambia ana spana moja inayofungua kila nati ya gari, utamwachia gari lako? Tunakuwa waangalifu sana na magari. Kwa miili yetu tukasema, pengine.

Sasa nifike kwenye ushuhuda, maana hapo ndipo wengi walipoangukia, na hapo ndipo naomba msomaji akae nami zaidi.

Watu waliorudi kutoka Samunge walisema wanajisikia vizuri, na hawakuwa waongo. Mtu amesafiri akiomba, amezungukwa na maelfu wenye tumaini kama lake, amekunywa kikombe alichokingoja kwa siku kadhaa. Akirudi nyumbani anatembea mwepesi. Presha haiumi, hivyo mwenye presha hawezi kujua kwa kujisikia kama imeshuka. Sukari hupanda polepole, na mtu anaweza kuishi nayo juu kwa wiki nyingi akilaumu uchovu wa safari tu. Lakini kwa mwenye virusi vya ukimwi mambo yalikuwa mabaya zaidi, na nitayaeleza taratibu.

Mtu aliyekuwa akimeza ARV, vidonge vya kuzuia virusi, kila siku kwa miaka miwili au mitatu ana kinga iliyojengeka upya. Akiacha vidonge leo, hataanguka kesho. Ndani ya wiki chache virusi vinaanza kuongezeka tena kwenye damu, lakini mwili bado una akiba ya nguvu uliyoipata kutokana na dawa, na mtu anaweza kutembea, kulima, kufanya biashara kwa miezi bila dalili. Katika miezi hiyo ndipo alipotoa ushuhuda. Alisimama kanisani au sokoni akasema, nimeacha vidonge tangu nilipokunywa kikombe na mnaniona nilivyo mzima. Waliomsikia waliona kazi ya kikombe. Kumbe walichokuwa wakikiona ni kazi ya vidonge vya hospitali ikimalizika kidogo kidogo.

Na yule aliyemsikia akaenda nyumbani akaviacha vyake kabatini.

Madaktari wa Kenya na Tanzania walionya wakati uleule. Walisema kunyweni kikombe mkitaka, lakini msiache dawa, na mkisema mmepona basi njooni mpimwe. Onyo lilikuwa rahisi, halikumnyima mtu imani yake, na kupima kulikuwa bure kwenye vituo vya umma. Kilichowazuia watu kupima ni hofu nyingine: waliona kwamba kurudi kupima ni kukosa imani, na kukosa imani kutaharibu uponyaji. Hiyo nayo ilikuwa ishara. Uponyaji unaoharibika ukipimwa unatakiwa kuogopwa. Tena, mashahidi tuliowasikia ni wale tu waliokuwa bado wanaweza kusimama. Waliorudi wakafa kimya kwenye mitaa yetu ya Kiandutu au Kihunguro, ambao ndugu zao waliona haya kusema marehemu alikuwa ameacha dawa, hawakupewa maikrofoni na mtu yeyote.

Kulikuwa pia na wakubwa. Mwanzoni serikali ya Tanzania ilitaka huduma isimame mpaka dawa ichunguzwe, lakini watu wakapiga kelele na agizo likalegezwa. Viongozi wakaonekana wakinywa. Askofu Thomas Laizer wa dayosisi ya Kilutheri ya Arusha aliiunga mkono kazi ya Babu hadharani. Mtu wa kawaida akiona mheshimiwa ameshika kikombe, anasema huyu ana daktari wake binafsi na bado amekuja hapa, basi kuna kitu. Simlaumu anayefikiri hivyo. Lakini sisi Wakenya tulikuwa tumeshaonywa kwa upande huo, si mara moja.

Mwaka 1990 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilitangaza dawa ya ukimwi iliyoitwa Kemron, na Rais Moi mwenyewe akaizindua. Wagonjwa walikuja Nairobi hata kutoka nje ya nchi. Majaribio yaliyofuata mahali pengine, likiwemo lililofanywa Uganda, hayakuona faida yoyote. Miaka michache baadaye ikaja Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, mchanganyiko wa mitishamba uliouzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Kuna familia zilizouza shamba. Nayo ikaondoka sokoni, na wagonjwa wakabaki na ugonjwa wao. Katika visa vyote viwili hapakuwa na ndoto wala sufuria juu ya kuni, palikuwa na maprofesa na koti jeupe. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Loliondo ni habari ya washamba. Kosa lilikuwa lilelile: kutangaza kwanza, kupima baadaye, na kuupa ushuhuda nafasi ya kipimo.

Na kuna jambo la hapahapa Thika ambalo watu wengi hawalijui, ingawa wamepita karibu nalo mara nyingi. Miezi ileile ambayo watu walikuwa wakipanga foleni Samunge, mjini Thika kulikuwa na utafiti ukiendelea. Ulihusu wenzi ambao mmoja ana virusi vya ukimwi na mwingine hana, na swali lilikuwa kama kidonge cha kila siku kinaweza kumkinga yule asiye navyo. Thika ilikuwa mojawapo ya vituo tisa vya Kenya na Uganda. Jozi zaidi ya 4,700 za wenzi zilishiriki. Baadhi walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na si mshiriki wala mhudumu aliyejua nani ana kipi. Kila mwezi yule asiye na virusi alirudi akapimwa. Kulikuwa na kundi la wataalamu wasiohusika na utafiti, ambalo kazi yake ilikuwa kutazama takwimu na kusema simamisheni ikiwa mambo yanaenda vibaya au ikiwa jibu limeshapatikana.

Julai 2011 kundi hilo likasema jibu limepatikana. Aina moja ya kidonge ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, nyingine kwa asilimia 75. Kidonge kisicho na dawa kikasimamishwa, kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kumpa mtu kitu kisichomsaidia. Mwaka 2017 Kenya ikaanza kuitoa dawa hiyo ya kinga kwa umma.

Angalia namna walivyozungumza. Hawakusema inaponya. Hawakusema inafanya kazi kwa kila mtu. Walisema asilimia 75, yaani walikiri wenyewe kwamba kuna ambao haikuwakinga. Sauti ya namna hiyo haivutii mabasi. Hakuna aliyekodi matatu kutoka Ruiru kwenda kusikia asilimia. Lakini ndiyo sauti ya mtu aliyehesabu wote, akiwemo yule ambaye dawa haikumfaa, na kila nikisikia mganga au daktari akitaja walioshindwa kupona mikononi mwake, mimi humwamini zaidi.

Nasema mganga au daktari kwa makusudi, maana sitaki funzo hili lisomwe kama vita dhidi ya waganga wetu. Mababu zetu hawakuwa wajinga. Kati ya Wagikuyu, mundu mugo, yaani mganga, alikuwa mtu wa heshima na wajibu. Jomo Kenyatta, ambaye kwao ni Gatundu, si mbali na hapa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba babu yake alikuwa mtu wa kazi hiyo, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kijana alisafiri naye akimbebea mfuko wa vifaa vyake. Mundu mugo alimwaga mbegu kutoka kibuyu cha mwano ili kutafuta chanzo cha taabu, na alijua miti. Na miti ni dawa kweli. Gome la muiri limekuwa likisafirishwa Ulaya kutengenezea vidonge vya tezi dume. Muthiga unatafunwa kwa kikohozi tangu enzi za kale. Dawa kuu ya malaria tunayopewa leo zahanati imetokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa karne nyingi, na bibi aliyeichambua, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tofauti niionayo kati ya mundu mugo wa zamani na nambari ya simu iliyo kwenye nguzo ni hii: yule alikuwa na boma. Ukoo wake ulijulikana. Kama dawa yake ilimuua mtoto wa jirani, jirani alijua mlango wa kugonga, na wazee wangekaa. Aliwaona wagonjwa wake kila siku kisimani na sokoni, kwa hiyo alijua nani amepona na nani amezikwa. Huyo wa kibao anatoka mbali kwa makusudi, maana umbali ndio unaompa sifa. Leo yuko chumba cha kukodi nyuma ya duka Makongeni, mwezi ujao laini ya simu haipatikani. Sheria yetu ya afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili na kutaka isimamiwe. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria haitakuwepo saa tatu usiku mtu anapokutumia ujumbe kwamba kazi imekwama, tuma shilingi elfu tano zaidi za kununua kondoo mweusi.

Na huyo naye ana orodha ya kila kitu, kama ya Samunge ila ndefu zaidi. Mapenzi, wizi, kesi, sukari. Naye atakwambia usimwambie mtu. Babu angalau alifanya kazi yake mchana mbele ya kamera. Huyu anataka siri, na siri inamtenga mgonjwa na watu ambao wangemwuliza swali. Dada anayekatazwa kumwambia dada yake, mume anayekatazwa kumwambia mkewe, huyo yuko hatarini hata kabla hajanywa chochote.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mgonjwa anayetaka kwenda kwa mganga, usianze kwa kumgombeza. Ukimgombeza atakwenda peke yake. Nenda naye. Uliza mbele yake: hii dawa ni mti gani? Je, ninaweza kuendelea kumeza dawa zangu za hospitali? Nikipimwa baada ya mwezi mmoja, utataka kuona karatasi ya majibu? Mtaalamu wa miti aliye mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Atakutajia mti, atakwambia usiache vidonge, na mengine atakwambia hayawezi, nenda hospitali ya Level 5. Wapo wa namna hiyo, na wamewasaidia watu wengi wenye matumbo, vikohozi na vidonda, na wengine wenye huzuni ambayo ilihitaji mzee wa kuisikiliza. Akianza kufoka, au akisema ukipima unaharibu dawa, mshike mgonjwa wako mkono mwondoke hapo, hata kama pesa mmeshalipa.

Lakini sehemu ya onyo hili iwafikie pia wanaofanya kazi upande wa pili wa meza. Mwaka 2011 kuna waliogundua mapema kwamba kikombe hakikuwaponya. Kikohozi kilirudi, uzito ukapungua, wakajua. Hawakurudi kliniki, kwa sababu waliogopa kusemwa. Mtu aliyekosa tarehe zake nne za kuchukua dawa anajua atakavyopokewa: ataulizwa kwa sauti mbele ya foleni alikuwa wapi, na kwa nini hakuona umuhimu wakati ule. Wengine walikaa nyumbani miezi mingine kwa kukwepa fedheha hiyo tu, na katika miezi hiyo virusi viliendelea kuongezeka na kinga kushuka, hata baadhi waliporudi ikabidi wabadilishiwe dawa.

Basi anaporudi mtu kama huyo kwenye dirisha la kliniki, awe ametoka kwa mganga, kwa nabii au kwa mchungaji, fungeni mlango kwanza mzungumze naye faraghani. Muulizeni lini alimeza kidonge cha mwisho, na alikunywa nini baada ya hapo, ili damu na figo zipimwe ipasavyo. Muulizeni pia kama amekula asubuhi hiyo, kwa maana huenda nauli ya kuja ilimalizia pesa zote alizokuwa nazo. Maswali ya kwa nini yanaweza kungoja mpaka tarehe yake ijayo.